Jibu: Tauni ya 1348, nani alijua nini?
Ndugu, umeuliza kama ni kweli kwamba tauni ya 1348, ile iitwayo Kifo Cheusi, Wakristo waliiona kuwa adhabu ya Mungu tu, huku Waislamu wakiwa na sayansi. Mambo hayakugawanyika hivyo. Matabibu wa pande zote walisoma vitabu vya Galen, tabibu Mgiriki wa kale, na Ibn Sina, tabibu Mwislamu, na waliamini hewa iliyooza huvuruga majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Walimu wa tiba wa Paris walimwandikia mfalme wao kwamba chanzo ni kukutana kwa Zohali, Mshtarii na Mirihi mwaka 1345. Ndiyo, sayari!

Anayenivutia mimi ni Ibn al-Khatib, waziri wa Granada, ufalme wa Kiislamu huko Hispania. Wanazuoni wengi wa Kiislamu walishikilia hadithi ya Mtume isemayo hakuna kuambukizana. Yeye akasema macho yanaona kinyume: anayemgusa mgonjwa huugua, anayejitenga husalimika, na hata nguo, chombo au hereni huleta ugonjwa. Lakini hadithi nyingine ilikataza kuingia mji wenye tauni au kuukimbia, kana kwamba ugonjwa huambukiza, kwa hiyo ubishi huo ulikuwa wa Waislamu wenyewe kwa wenyewe.

Na viroboto wa panya, ambao leo tunajua hueneza tauni? Hawakushukiwa na upande wowote.