Kwa nini madaktari hawakumpiga baba shoti ya umeme?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Baba yetu alilazwa kwa nimonia kali, na usiku mmoja moyo wake ukasimama. Mimi nilikuwa mlangoni. Kwenye skrini mstari ulikuwa umenyooka na mashine ya shoti ilikuwa pale pale, lakini walimkandamiza kifua na kumchoma sindano tu, mpaka wakatuambia amefariki. Kwenye tamthilia ninazotazama, mgonjwa wa namna hiyo hupigwa shoti akazinduka. Ndugu zangu wanaamini baba aliachwa afe. Ni kweli?

JIBU: Poleni sana kwa msiba, wewe na ndugu zako. Kuhusu mashine, jibu ni hapana: moyo ambao mstari wake umenyooka haupigwi shoti. Kwa ulivyoeleza, kumkandamiza kifua na kumchoma sindano ndiyo tiba yenyewe.

Watu wengi wanaamini kwamba shoti huwasha moyo uliozimika. Kazi yake ni kinyume cha hapo. Kuna hali ambayo umeme wa moyo unavurugika, misuli inatetemeka ovyo na damu haisukumwi, ingawa moyo bado una nguvu ya umeme ndani yake. Ni kama kwaya ambayo kila mtu anaimba wimbo wake. Shoti inawanyamazisha wote kwa mara moja, ili kiongozi apate nafasi ya kuanzisha wimbo upya. Mstari ukinyooka, hakuna anayeimba, kwa hiyo hakuna wa kunyamazishwa. Kinachobaki ni kusukuma damu kwa mikono, kumpa hewa, kumchoma adrenalini kila baada ya dakika 3 hadi 5, na huku kutafuta kilichousimamisha moyo: upungufu wa oksijeni, damu iliyopotea, potasiamu iliyopanda, au bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu. Kwa mgonjwa wa nimonia kali, oksijeni ndiyo ningeifikiria kwanza.

Watunzi wa tamthilia wanapenda mstari ulionyooka kwa sababu mtazamaji yeyote anauelewa bila kuelezwa. Mawimbi ya moyo uliovurugika yanahitaji mtu aliyefundishwa kuyasoma.

Jambo la pili ni matumaini yenyewe. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa madaktari wa Marekani waliochambua vipindi vya ER, Chicago Hope na Rescue 911. Kati ya waliofanyiwa ufufuaji humo, asilimia 75 walizinduka papo hapo, na asilimia 67 walionekana kupona mpaka kuruhusiwa. Wengi walikuwa watoto na vijana, mara nyingi walioumia ajalini. Wagonjwa ninaowakuta mimi kwa kawaida ni watu wazima wenye maradhi yaliyokwisha kuwachosha. Hata katika hospitali zenye vifaa vyote, wanaosimama moyo wakiwa wodini hurudi nyumbani karibu mmoja kati ya watano au wanne. Nje ya hospitali ni kama mmoja kati ya kumi. Na wale ambao mstari wao ulikutwa umenyooka wako chini zaidi ya hapo.

Naomba takwimu hizi zisimfanye mtu akunje mikono. Aliyeanguka ghafla, hajibu, na hapumui kawaida anatakiwa kuanza kukandamizwa kifua mara moja na yeyote aliye karibu, huku mtu mwingine akiita msaada. Kufanya hivyo kunaweza kuongeza nafasi ya kupona mara mbili au hata tatu. Bonyeza katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiige mwigizaji. Yeye anambonyeza mwenzake mzima, kwa hiyo anakunja viwiko na kugusa juu juu asije akamvunja mbavu. Kwa mgonjwa halisi mbavu huvunjika mara nyingi, nasi tunaendelea.

Kuna mengine ambayo familia huja nayo wodini kutoka kwenye televisheni, na yanazaa ugomvi usio na sababu. Moja ni koma, yaani kupoteza fahamu kwa muda mrefu. Uchunguzi wa tamthilia za Marekani uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la BMJ ulikuta kwamba wahusika 57 kati ya 64 waliozama katika koma walipona kabisa. Nimekaa na mama anayeamini kwamba mwanawe ataamka asubuhi moja akiongea, na hakuna mazungumzo magumu kama hayo. Jingine ni muda, kwa sababu kwenye tamthilia majibu ya vipimo hutoka papo hapo. Kuotesha maabara vijidudu vilivyo kwenye damu ili vitambulike kunachukua siku kadhaa, na kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe nacho kinahitaji siku. Daktari anayewaambia msubiri hajalala.

Halafu kuna yule daktari mmoja anayepima damu, anayepiga picha, anayepasua na anayekesha kando ya kitanda. Hayupo popote. Kazi hizo ni za mtaalamu wa maabara, wa mionzi, daktari bingwa wa upasuaji na, zaidi ya wote, muuguzi. Pengine aliyemkandamiza baba yako kwanza alikuwa muuguzi, maana ndiye anayekuwa karibu na mgonjwa usiku.

Sikuwepo, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila kitu kilifanyika inavyopaswa. Ndugu zako wana haki ya kuuliza. Ombeni kikao na daktari aliyemhudumia, mwende wawili au watatu, na faili liwe mezani. Ulizeni moyo ulikuwa katika hali gani ulipopimwa kwanza, na kama hali hiyo ilibadilika baadaye. Ulizeni ulipita muda gani tangu agundulike mpaka akaanza kukandamizwa. Ulizeni oksijeni yake ilikuwa kiasi gani katika saa za mwisho, na nani aliitwa ilipoanza kushuka. Hilo la mwisho lina uzito kuliko suala la mashine, na mnastahili kulijibiwa kikamilifu.