Chai ya kijani ya Kichina na vidonge vya damu: mama aendelee au aache?

SWALI: Habari mfamasia. Mi nasoma Hangzhou, China, likizo nilimbebea mama kopo la Longjing, chai ya kijani ya huku. Kule nyumbani Dodoma anaichemsha na sukari kama majani yetu ya kawaida, analalamika ni chungu, ila kaambiwa inapunguza mwili kwa hiyo anakunywa vikombe vitatu kwa siku, kila mlo na kikombe chake. Sasa hospitali wamemkuta damu iko chini, kapewa FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki. Kuna madhara? Halafu anataka kununua na vidonge vya green tea, ni sawa?

JIBU: Salama, mdogo wangu. Naanza na FEFO maana hapo ndo penye tatizo lenyewe, uchungu tutaumaliza baadaye.

Pale dukani huwa nawaonyesha watu kwa macho, nachukua kidonge cha madini ya chuma kilichoisha muda wake, nakisaga, natia kwenye kikombe cha chai ya kijani, nakoroga. Ile rangi ya manjano inaanza kuwa chafu, mara inageuka nyeusi kama wino. Ni zile katekini, kemikali za asili za kwenye chai, zimeshika chuma, na kikishikwa hivyo utumbo unashindwa kukifyonza vizuri. Na sio cha kidonge tu, hata cha kwenye maharage na mchicha kinapotea hivyo hivyo, cha kwenye nyama kinasalimika zaidi. Kwa hiyo mama anameza dawa vizuri kabisa halafu kikombe cha mezani kinamrudisha nyuma. Chai asiache ila aitoe kwenye mlo, akae saa moja hadi mbili baada ya chakula au kidonge ndo anywe, na FEFO ameze na chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia.

Sasa uchungu. Mmea ni ule ule wa Mufindi na Kericho, Camellia sinensis, tofauti inatokea kiwandani. Majani yetu yanasagwa yakapigwa na hewa, enzaimu za ndani ya jani zinageuza katekini kuwa vitu vingine vyenye ile rangi nyekundu tunayoijua. Longjing jani likishanyauka kidogo tu linakaangwa kwenye karai la moto, mtu anakandamiza kwa kiganja mpaka linakuwa bapa, moto unaua enzaimu na katekini zinabaki, kubwa kuliko zote inaitwa EGCG. Uko Hangzhou, nenda vijiji vya Longjing mwezi wa tatu mwishoni ukajionee, inapendeza mno.

Ukilichemsha jani hilo katekini na kafeini zinatoka kwa fujo, ndo uchungu na ule ukakasi kwenye ulimi. Ile ladha laini tamu tamu ni ya theanini, kemikali nyingine ya kwenye jani, na yenyewe haihitaji maji ya moto sana. Mwambie maji yakichemka afunue birika yapoe mpaka kama nyuzi 80, atie gramu 3 kwenye glasi, dakika 2 au 3 inatosha, ataona hata sukari haihitaji. Na asinywe ikiwa inaunguza, mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula.

Kupunguza mwili? Kidogo sana, kilo hazitashuka kiasi cha kuonekana, na hiyo sukari ya vikombe vitatu inakula faida yote.

Vidonge vya green tea nakuomba umzuie kabisa. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilikuta miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge zinaanza kupandisha vipimo vya ini, yaani dalili ya ini kuumia, wakati wanaokunywa chai ya kawaida kwa wastani wanapata 90 hadi 300. Na watu wengi wa diet wanavimeza tumbo tupu, hapo ndo EGCG inaingia kwenye damu kwa wingi zaidi.

Muulize pia kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au dawa za presha, ukinitajia majina ntakwambia ipi inagongana na chai. Damu apime tena baada ya mwezi mmoja wa kutenganisha hivyo.