Kwa mleta mada: tamthilia za Kijapani hazijapoa, matukio yake yamekaa mahali pengine

Mleta mada anasema amekulia kwenye tamthilia za Kikorea na Kituruki, akasikia watu wakizisifu za Kijapani, akaanza moja na kuiacha sehemu ya pili kwa sababu "watu wanakula, wananyamaza, wanaagana, basi." Anauliza tunaozipenda tunaona nini humo, na aanzie wapi. Mimi nimezifuata miaka mingi, tangu enzi za CD za kuazimana hadi hizi za kushusha kwa bando, na ni vitu vichache vilivyonipa raha kama hivi. Kwa hiyo jibu langu ni refu. Nitasimulia pia yaliyomo kwenye baadhi ya hadithi. Asiyetaka kuharibiwa uhondo aruke.

Matukio yapo, mkuu. Kwenye tamthilia ulizozoea, siri ikifichuka utajua tu: muziki unapanda, kamera inapita sura moja baada ya nyingine, kofi linafuata. Kwa Wajapani siri kubwa kuliko hiyo inaweza kutoka kinywani mwa mama anayefuma kitambaa, hata macho hainui, na dakika hiyohiyo mazungumzo yakahamia kwenye maji ya kuoga. Ukiwa unachati wakati huo, hadithi imekupita.

Huo mfano wa kufuma sikuutunga. Ni filamu ya Hirokazu Kore-eda ya mwaka 2008, Aruitemo Aruitemo. Watoto waliokwisha kuwa na familia zao wanakuja kwa wazazi siku moja ya kiangazi. Mahindi yanapukuchuliwa na kukaangwa, wajukuu wanatoka kucheza. Taratibu unaelewa kuwa ni siku ya kumkumbuka mtoto mkubwa wa nyumba hiyo, aliyekufa maji akimwokoa mvulana. Mvulana yule sasa ni kijana mnene ambaye maisha yake hayajakaa sawa, na kila mwaka anaalikwa siku hiyo. Anakuja, anatokwa jasho, anashukuru na kuomba radhi, anaondoka. Usiku mtoto wa pili, aliyeigizwa na Hiroshi Abe, anamwambia mama yake kwamba sasa inatosha, wamwache kijana wa watu, anateseka. Mama, ambaye ni Kirin Kiki, anaendelea na ufumaji wake na kujibu kwamba ndiyo sababu anamwita. Na mwakani atamwita tena.

Mama huyohuyo mchana kutwa ametuchekesha na kutulisha! Nilisimamisha filamu pale nikakaa kwanza. Sijawahi kuona chuki ya mzazi aliyefiwa ikionyeshwa kwa ukweli namna ile, na yule mama hukuweza kumwita mbaya hata baada ya kumsikia.

Halafu kuna ile sahani ya santuri, Blue Light Yokohama, wimbo uliotamba Japani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mama anaomba upigwe watu wakiwa mezani. Wote wanadhani ni kumbukumbu tamu za ujana. Baadaye tunajua kwamba zamani alimfuata mumewe hadi nyumbani kwa mwanamke mwingine, akamsikia humo ndani akiuimba, akageuka akarudi, kisha akainunua sahani ya wimbo huo. Miaka yote hiyo anayo ndani ya nyumba. Mwandishi mwingine angetoa hapo sehemu arobaini za ugomvi na talaka. Kore-eda anaipa dakika chache, na yule mume mzee anabaki bafuni na maji yake ya kuoga.

Kwa hiyo unapoangalia, angalia mikono. Angalia chakula: nani anampakulia nani, nani anaambiwa aongeze na nani haambiwi. Angalia pale mlangoni wanapovulia viatu, maana mwongozaji mzuri anaweza kukuonyesha jozi moja iliyozidi na ukajua kuna mgeni kabla hujamwona. Kwenye nyumba nyingi kuna kijikabati chenye picha ya marehemu na kikengele kidogo. Anayeingia akaenda hapo kwanza, akagonga kengele na kukutanisha viganja, amekwisha kukueleza uhusiano wake na nyumba hiyo. Anayepita bila kugeuka naye amekueleza.

Mtu aliyenithibitishia kwamba hizi ni hadithi zetu kabisa ni Mama Mkubwa. Nilimwekea Tokyo Monogatari ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, zaidi ya saa mbili. Sabtaito za Kiingereza hazisomi, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikimsimulia kwa Kiswahili. Hadithi ni hii: wazee wawili wanatoka Onomichi, mji wa bandari kusini-magharibi mwa Japani, kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Mmoja ni daktari, mwingine ana saluni, wote wana shughuli. Wazee wanakuwa mzigo, hadi wanachangiwa hela wapelekwe Atami, mji wa mapumziko, kwenye nyumba ya wageni yenye makelele ya wacheza kamari usiku kucha. Wanaporudi mapema, mteja saluni anauliza hao ni akina nani, na binti anajibu kwamba ni watu wanaofahamiana kutoka kijijini.

Mama Mkubwa aliweka kikombe chini. "Kawakana! Kawakana wazazi wake mchana kweupe!" Kuanzia hapo sikuwa na kazi kubwa ya kusimulia, alikuwa anaongea nao mwenyewe. Anayewatendea wema wale wazee ni Noriko, mkwe wao, mjane wa mtoto wao aliyepotea vitani. Anaomba ruhusa kazini awatembeze mjini, anamlaza mama mkwe kwenye chumba chake kidogo, anamkanda mabega. Mama mtu anapofariki, yule binti wa saluni analia kweli, halafu matanga hayajapoa anaulizia nguo za marehemu. Hapo Mama Mkubwa akataja majina ya watu wa ukoo wetu ambayo siwezi kuyaandika humu.

Ozu aliiweka kamera chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi sakafuni, na mara nyingi haisogei. Sisi tuliokula kwenye mkeka tunakijua kimo hicho. Ndiyo maana unajihisi umekaribishwa ndani na kuketi pamoja nao, na mtu akisimama ghafla unashtuka kidogo.

Nikiwa kwenye suala la kusimulia, wengi hawajui kwamba Japani nao walikuwa na DJ wao wa filamu. Enzi za filamu zisizo na sauti kulikuwa na watu walioitwa benshi. Walisimama kando ya pazia, wakafanya sauti za wahusika wote, wakaeleza mila za Wazungu, wakaongeza yao. Watu walienda kumsikiliza benshi fulani hata kuliko kumwona steringi. Aliyekulia kwenye vibanda umiza akimsikiliza Lufufu, au upande wa Kenya DJ Afro, hahitaji maelezo zaidi. Kaka wa mwongozaji Akira Kurosawa, aliyeitwa Heigo, alikuwa benshi, na ndiye aliyempeleka mdogo wake kwenye filamu. Sauti zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1930 kazi ikakatika, na mwaka 1933 Heigo akajiua. Huwa namkumbuka kila jina la Kurosawa linapopita kwenye skrini.

Turudi kwenye runinga, maana mada yako hasa ni tamthilia. Lazima ujue mfumo wao, kwani ndio unaozipa umbo. Vituo vya huko vinabadilisha tamthilia kwa majira manne, Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kila moja inapewa takriban sehemu kumi, mara moja kwa wiki, na nyingi zikiisha zimeisha. Mwandishi anajua mwisho wake ni lini tangu anapoanza. Umeitaja Boys Over Flowers ya Kikorea ya mwaka 2009, yenye sehemu 25. Hadithi hiyo ni ya katuni za Kijapani za Yoko Kamio, na Wajapani wenyewe waliiigiza mwaka 2005 kwa jina la Hana Yori Dango, msimu wa kwanza ukaisha kwa sehemu 9. Ziangalie zote mbili utaona tofauti ya pumzi. Ya Kikorea ina mavazi na safari na machozi ya kutosha, na kwa mapenzi ya kifahari nakiri Wakorea wanawashinda. Ya Kijapani ni ya haraka, msichana ni mkorofi zaidi, na hela za wale vijana hazipendezeshwi sana.

Nikushauri pia usiishike yoyote tu kwa kuwa ni ya Kijapani. Za polisi na za hospitali nyingi zinajirudia wiki hadi wiki, na zile zinazotoka kwenye katuni mara nyingine waigizaji wanakodoa macho na kupiga kelele kama wamo ndani ya katuni bado. Nahisi uliyoiacha ilikuwa mojawapo ya zile za kukaa kimya zisizo na kitu chini ya ukimya wake. Hizo zipo nyingi. Ukimya peke yake si sifa.

Kama unataka moto, tafuta Hanzawa Naoki ya mwaka 2013, hadithi ya afisa wa benki aliyesingiziwa mkopo mbovu na kuapa kulipiza maradufu. Sehemu ya mwisho iliangaliwa na asilimia 42.2 katika eneo la Tokyo na majirani zake, kiwango kisichozoeleka kabisa kwa miaka hii. Na kilele chake, mkuu, hakuna aliyepigwa wala kukamatwa. Mkurugenzi anatakiwa kupiga magoti na kuinama hadi paji la uso liguse sakafu mbele ya wenzake. Magoti yanakataa kukunjika. Teruyuki Kagawa anapambana na mwili wake mwenyewe pale, na nilijikuta nimesimama sebuleni.

Na kama unataka kulia, ipo Oshin. Shirika la NHK lina tamthilia za asubuhi tangu 1961, sasa ni dakika 15, Jumatatu hadi Ijumaa, watu wanaangalia kabla ya kwenda kazini. Oshin ilirushwa Aprili 1983 hadi Machi 1984, sehemu 297, ikiandikwa na Sugako Hashida, na wastani wa watazamaji ulikuwa asilimia 52.6. Inaanza na bibi mwenye maduka makubwa anayetoweka siku ya kufungua tawi jipya, kisha inarudi Yamagata alipozaliwa maskini na kupelekwa kazi za ndani akiwa na miaka saba, malipo yakiwa gunia la mchele. Anaondoka kwa chelezo mtoni kwenye theluji, baba yake anakimbia ukingoni. Mtu yeyote wa kwetu aliyewahi kumwona mtoto wa dada yake akipakiwa kwenye basi kwenda mjini "kusaidia kazi kwa watu" ataielewa bila sabtaito. Ilionyeshwa kwenye nchi zaidi ya 60, na wala sishangai.

Ila usianze na hiyo. Anza na Shinya Shokudo, iliyoanza mwaka 2009. Ni mgahawa mdogo kwenye kichochoro cha Shinjuku, Tokyo, unafunguliwa saa sita usiku na kufungwa saa moja asubuhi. Menyu ina supu moja ya nyama ya nguruwe na vinywaji, lakini mpishi atakupikia chochote unachoomba kama vitu anavyo. Kila sehemu ni mteja mmoja na chakula chake, chini ya nusu saa: jambazi anayependa soseji zilizokatwa kama pweza, mchezaji wa uchi wa klabu, dereva wa teksi. Kaoru Kobayashi kama mpishi haulizi maswali mengi. Ni fupi, kwa hiyo ukichoka hujapoteza kitu, na ndiyo shule nzuri ya kujifunza kuangalia mikono niliyokuambia.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Ikiru ya Kurosawa, ya mwaka 1952. Akina mama wanaenda ofisi ya jiji kuomba dimbwi la maji machafu mtaani kwao lifukiwe, watoto wapate uwanja. Wanatumwa dirisha hili, wanatumwa lile, wanazungushwa idara zote hadi wanarudi walikoanzia. Nani kati yetu hajazungushwa hivyo? Mkuu wa kitengo, mzee Watanabe, amekaa miaka thelathini akigonga mihuri bila kufanya kitu. Anagundua ana saratani ya tumbo. Anajaribu ulevi na starehe, havimsaidii, kisha analikumbuka lile ombi la akina mama.

Na hapa Kurosawa anafanya kitu ambacho hutakiona kwenye tamthilia zako. Steringi anakufa filamu ikiwa bado ina muda mrefu mbele. Sehemu iliyobaki karibu yote ni msibani, wafanyakazi wenzake wakinywa na kubishana kama ni kweli uwanja ule aliujenga yeye, huku kila mmoja akikumbuka kipande chake: alivyosimama ofisi za watu akiinamisha kichwa, alivyotishwa na wahuni, alivyokataa kuondoka. Wakishalewa wanalia, wanaapa kwamba kuanzia kesho watafanya kazi kama Watanabe. Kesho yake mwananchi anakuja na shida yake, naye anaelekezwa dirisha jingine. Mmoja tu anainuka kwa hasira, anatazamwa, anakaa tena nyuma ya mafaili.

Iangalie hiyo ukiwa na mtu aliyewahi kufanya kazi serikalini, halafu rudi hapa useme kama hakuna kilichotokea.