Jibu: Nataka mama akutane na mjane wa askari wa Amin

Futa hiyo ratiba ya maturubai na spika uliyoniandikia. Mama yako ni mjane wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, unataka umvushe mpaka wa Mutukula akaonane na mjane wa askari wa Amin, halafu unauliza "wasameheane mbele ya nani"? Mbele ya mtu yeyote usithubutu!

Nilishaharibu mimi. Baba alifia Lukaya, Uganda, Machi 1979, kaburi lake liko Kaboya, makaburi ya askari wetu kule Kagera, na wenzake zaidi ya 600. Kuna bwana mmoja, eti mtaalamu wa usuluhishi, fulana imeandikwa AMANI kifuani, alinihakikishia kwamba msamaha usiposemwa kwa sauti moyo haufunguki. Nikamwamini. Na posho nikamlipa, na kuku akala. Siku yenyewe akawasimamisha mama yangu na mjane wa askari wa Amin, akamshikisha mama kipaza sauti: "Mwambie, nimekusamehe." Mama akatamka, maana ni mtu wa adabu. Yule bibi wa Uganda akamkazia macho, akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini: "Unanisamehe nini? Mimi niliua nani?"

Spika ikapiga mluzi. Mpiga picha anaendelea tu kurekodi. Mtaalamu wangu, alipoona mambo yamemzidi, akaanzisha pambio!

Tukarudi Kyaka mama hanisemeshi, mpaka msimu wa senene ukaingia. Ndizi alinipikia, lakini anatenga anaondoka. Nilipungua kilo kadhaa, mke wangu akafurahi.

Aliyerekebisha ni mama mwenyewe. Alirudi kule na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile ya kufungwa kwa majani ya mgomba. Mimi nilifika uani nikafukuzwa. Nilisikiliza dirishani, ndiyo, nihukumuni. Wanatafuna, wananyamaza, wanatafuna. Kisha bibi akauliza Kaboya pakoje, kama kuna kivuli. Yeye hajui mume wake alizikwa wapi, wala kama alizikwa. Mama akaanza kumwelezea yale makaburi, mstari kwa mstari, hadi la baba. Walitoka jua linazama. Neno msamaha sikulisikia hata mara moja.

Kwa hiyo wawili, chumba kimoja, watoto nje. Hakuna kingine. Pasi ya mpakani waulize Uhamiaji, na kuhusu mwezi... sijui, ulisema mwezi gani vile? Beba kahawa.

Na bwana wa fulana akikupigia usipokee. Mimi hadi leo ananidai salio la spika.