Nyonga mpya, misuli ile ile: maswali yenu

Barua za safari hii zimetoka kwa watu waliobadilishwa nyonga au wanaosubiri zamu yao, na karibu kila mmoja anakilaumu chuma, yaani ile nyonga ya bandia. Mimi ni mfiziotherapia, macho yangu huanzia kwenye misuli, kwa hiyo mtanivumilia nikikitetea chuma kidogo.

Nina miaka 66, nimebadilishwa nyonga ya kulia, sasa ni mwezi wa tano. Eksirei imeonyesha chuma kimekaa vizuri. Mbona pembeni pananiuma, siwezi kupalalia, na nikitembea nayumba? (Bibi, Tanga)

Shikamoo, bibi. Daktari hajakudanganya. Eksirei inaonyesha mfupa na chuma. Msuli na kano, ile kamba ngumu inayoushikiza msuli kwenye mfupa, haivioni vizuri. Weka kiganja pembeni ya paja, juu kabisa, utagusa fundo la mfupa. Hapo ndipo zinaposhikia kano za misuli miwili ya kalio, ule wa kati na ule mdogo. Ukiinua mguu wa kushoto kupiga hatua, misuli ya kulia ndiyo inayozuia kiuno kisizame upande wa kushoto. Ikiwa dhaifu, kiwiliwili hujitupa kulia ili usianguke. Ndiko kuyumba kwako.

Unaweza kujipima. Funga kanga kiunoni, pindo la juu lilale sawa juu ya mifupa ya nyonga. Shika meza, mjukuu asimame nyuma yako. Simama kwa mguu wa kulia, wa kushoto uunyanyue kidogo tu, hesabu hadi 30. Pindo likishuka kushoto, msuli wa kulia haufanyi kazi yake. Kipimo hiki alikieleza mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, mwaka 1895, na bado tunakitumia kila siku kliniki bila kuhitaji umeme.

Sasa uliza ulipasuliwa kupitia wapi. Anayeingilia pembeni hutenganisha sehemu ya msuli wa kati na mfupa, kisha huishona tena, na mshono huo wakati mwingine huachia. Neva inayouhudumia msuli huo nayo inapita sentimita chache tu juu ya fundo lile. Anayeingilia nyuma au mbele huuacha msuli huo mahali pake, ingawa njia hizo nazo zina hasara zake. Lakini usikimbilie kumlaumu mpasuaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliokuwa wakibadilishwa nyonga iliyosagika alikuwa tayari na kano zilizochakaa au kuchanika. Maumivu ya nyonga yenyewe yalikuwa yamezificha kano hizo kwa miaka.

La kwanza ni kuhakikisha hakuna maambukizi. Ukiwa na homa, kidonda kinachotoa maji, au maumivu yasiyotulia hata umelala, rudi hospitali leo, usisubiri kliniki. Kama hayo hayapo, omba ultrasaundi ya pembeni ya nyonga. MRI pia inawezekana hata ukiwa na chuma, ila mpiga picha aambiwe mapema ili apange mashine ipasavyo.

Nyumbani, lalia upande mzima na uweke mto mnene katikati ya magoti. Acha kukunja nne, na ukisimama foleni usiegemee nyonga moja. Kwa zoezi, lala chali, kunja magoti, fungia kanga kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, halafu sukuma magoti kwenda nje taratibu, shikilia, legeza. Kanga haivutiki, ndiyo maana inafaa: msuli unafanya kazi bila kano kusuguliwa kwenye mfupa. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hoja, mradi usiku usiwe mbaya kuliko jana. Jipe miezi mitatu ya bidii kabla ya kuhukumu. Kano ikiwa imechanika kabisa, mazoezi hayataishona. Hapo urudi kwa mpasuaji, na usichelewe, kwa sababu msuli uliokaa muda mrefu bila kazi hugeuka mafuta na hata ukishonwa haurudishi nguvu.

Bakora nishike mkono gani? Wanangu wanasema upande unaouma. (Mzee, Kahama)

Wanao wanakupenda lakini wamekosea. Shika mkono wa upande mzima, na bakora itangulie pamoja na mguu mgonjwa. Ukifanya hivyo mkono unasaidia kazi ile ile ya msuli uliochoka, na mzigo juu ya nyonga unapungua sana. Ukiishika upande unaouma, unauongezea mwili sababu ya kuegemea huko huko. Na usiitupe bakora kwa aibu: kutembea na bakora bila kuchechemea ni bora kuliko kuchechemea bila bakora.

Mimi pembeni hapaniumi. Ni kwenye kinena, nikiinua mguu kupanda bajaji au kuuingiza kitandani, hadi niunyanyue kwa mkono. Kutembea tambarare sina shida. (Mwalimu mstaafu, Morogoro)

Umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya uchunguzi umeshaufanya. Msuli unaoinua paja unapita mbele ya nyonga, na kano yake inaweza kusuguana na ukingo wa kikombe cha chuma (tundu la bandia linalobeba kichwa cha nyonga mpya) ikiwa kikombe kimejitokeza kidogo mbele. Mpasuaji ataanza kwa kuondoa wasiwasi wa maambukizi na wa kikombe kulegea. Kisha anaweza kuchoma dawa ya ganzi kwenye ala ya kano hiyo huku akitazama kwa ultrasaundi; maumivu yakizimika, mhalifu amejulikana. Wengine hupona kwa mazoezi na sindano. Wengine huhitaji kano ikatwe ili ilegee, na kikombe kikiwa kimejitokeza sana, huenda kikabadilishwa.

Mama anataka aletewe mkandaji, au achomwe ile sindano ya steroidi. Upasuaji wake ni mwezi ujao. (Binti, Mombasa)

Sindano, hapana. Ikichomwa ndani ya kiungo katika miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya nyonga mpya kuingia wadudu, na wapasuaji wengi wataahirisha. Hata aliyekwisha kubadilishwa asichomwe kwenye nyonga hiyo na mtu yeyote bila mpasuaji wake kujua.

Mkandaji akimpaka mafuta na kumkanda mgongo na mapaja polepole, sina ugomvi naye. Nina ugomvi na yule anayeukunja mguu na kuuzungusha mpaka "ulie". Baada ya upasuaji asiuguse kabisa mguu huo.

Nina selimundu, miaka 27, nyonga ya kushoto imeoza na nasubiri upasuaji. Nikae tu? (Kijana, Mwanza)

Usikae tu, ndugu yangu. Kwako kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, na kwa kuwa umekuwa ukiuogopa mguu huo, misuli yake imesinyaa na ile ya mbele imefupika. Lala kifudifudi dakika 10 asubuhi na jioni ili mbele ivutike. Kaza makalio, hesabu hadi 5, achia, rudia. Siku ya maumivu ya selimundu pumzika, unywe maji ya kutosha na usijilazimishe.

Jambo moja nakuambia mapema: ukiamka na nyonga mpya, mguu utauhisi mrefu. Mara nyingi ni misuli iliyofupika inayovuta kiuno, na huachia yenyewe. Usikimbilie kwa fundi kuongezewa soli kabla miezi kadhaa haijapita na hujapimwa.

Nitaweza kusujudu tena? (Babu, Zanzibar)

Wengi huweza, lakini muulize mpasuaji wako wakati. Ukipasuliwa kwa nyuma, misuli midogo iliyoshonwa huko inahitaji wiki kadhaa ili ishike, na kuchuchumaa ndiko kunakoweza kuing'oa nyonga. Mpaka aruhusu, swali kwenye kiti, na chooni uwekewe kiti cha tundu.

Nikipata U.T.I. duka la dawa hunipa cipro, ile antibiotiki. Kuna tatizo? (Mama, Nairobi)

Lipo, hasa ukiwa umepita miaka 60 au unatumia prednisolone, dawa ya steroidi. Dawa za jamii hiyo zinajulikana kudhuru kano, zaidi ile ya kisigino, na zinaweza kuichana. Usizinunue kwa mazoea. Pima mkojo kwanza, umwambie daktari kwamba una nyonga ya chuma na kano zinazouma, naye atafute dawa nyingine kama ipo inayofaa.