Je, saa za foleni zinahesabiwa kuwa za kuendesha?

Salaam ndugu yangu. Umesema tajiri wako anataka kufunga kifaa cha kuhesabu saa "kama cha Marekani", nawe waogopa foleni zitamaliza saa zako.

Kwanza muulize fundi: kinahesabu injini ikiwaka au magurudumu yakizunguka? Mimi nilinaswa hapo. Kutoka bandarini hadi Mariakani nilisogea kidogo kidogo, injini ikinguruma, na ripoti ikamwambia tajiri nimeendesha mchana kutwa. Nikakatwa posho. Tangu siku hiyo naandika daftarini nimesimama wapi na saa ngapi, na napiga picha ya dashibodi. Safari iliyofuata daftari ndilo lililonitetea.

Marekani kifaa kilianza kuwa lazima Desemba 2017. Dereva wa mizigo ana saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14, baada ya kupumzika 10. Zile 14 kwa kawaida hazisimami ukingoja kupakia, na hapo ndipo madereva wao wanapolalamika: ukicheleweshwa ghalani, unakimbizana na saa. Kwetu Kenya, kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinataja kuendesha, saa 8 katika 24. Gari limezimwa kwenye foleni, hapo huendeshi. Mshikilie hapo hapo.

Na kama walipwa kwa tripu, zungumzeni malipo kabla ya kifaa. Nimemwona mwenzangu akisinzia usukani mkononi karibu na Mtito Andei, akikimbilia tripu ya pili. Kifaa peke yake kisingemfanya apumzike. Omba pesa ya kungoja, na iandikwe kwenye mkataba.