Ugali wa Liemba

Mbwa wetu anaitwa Liemba. Jina hilo alipewa na mume wangu jioni aliyomleta kutoka Kibirizi, kitoto cha jike kilicholowa chapachapa, kilichokuwa kimedondoka ziwani kati ya mitumbwi miwili na kujikokota chenyewe hadi mchangani. Mtu wa Kigoma haulizi kwa nini jina hilo. Kwa aliye mbali: meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikalala chini ya maji mpaka ilipoibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua. Mbwa wetu naye alizama mara ya pili, akiwa na miaka mitatu, na safari hiyo aliyemzamisha ni mimi, kwa mwiko wangu mwenyewe.

Naeleza ilivyokuwa kwa sababu kila nikipita mtaani kwetu Mwanga naona watu wakifanya nilichokuwa nikifanya.

Kwenye mashine za kusaga utakuta mfuko umewekwa pembeni, ukiuliza unaambiwa ni unga wa mbwa. Hakuna mmea unaozaa unga wa mbwa. Ni mahindi haya haya, ila ni yale yaliyonyeshewa kwenye lori, yaliyoota ukungu ghalani, yaliyotengwa watu walipopembua yao mazuri, pamoja na yanayofagiwa sakafuni. Yanasagwa na kuuzwa kwa bei isiyofika hata nusu ya sembe. Nilinunua unga huo zaidi ya mwaka mzima. Nasonga, natia vichwa vya dagaa, namimina kwenye bakuli lake, na Liemba anakula mpaka bakuli linang'aa. Masika ya mwaka ule mfuko mmoja ulikuja na harufu ya gunia bichi, na rangi yake ilikuwa imeingia ukijivu. Harufu ile niliisikia. Sikuifumbia pua. Nikasema moyoni, huyu ni mbwa, anakula hata vya jalalani.

Wiki ya pili akaanza kubakiza chakula. Halafu akatapika. Halafu akawa analala chini ya mwembe kutwa, na mtu akigonga geti anainua kichwa tu. Mbwa ambaye zamani punda wa maji hakatizi mbele ya nyumba bila kubwekewa! Tukadhani ni minyoo, tukamnunulia dawa. Siku tatu zikapita.

Aliyeona ni shangazi wa mume wangu. Yeye ni mwenyeji wa Ujiji, mtu wa swala tano, na tangu Liemba aingie kwetu hajamgusa hata mara moja. Akija, mbwa anafungwa nyuma, na bakuli lake halikaribii vyombo vya nyumbani. Tumekubaliana hivyo na hakuna aliyewahi kununa. Siku hiyo mbwa hakuwa na nguvu hata za kufungwa. Shangazi akaketi barazani, akamtazama kwa muda, kisha akaniita: "Mwanangu, hebu njoo. Mbona mbwa wenu ana macho ya manjano? Huyu ini lake linaumwa."

Nilichuchumaa nikamfunua kope. Weupe wa jicho ulikuwa wa rangi ya mawese yaliyochanganywa na maji. Fizi vile vile.

Bwana mifugo alipofika hakuanza na sindano. Aliuliza, "Mama, anakula nini?" Nikasema ugali. "Wa unga gani? Niletee niuone." Akaumwaga kidogo juu ya gazeti, akausambaza kwa kidole, akaunusa, akanirudishia. Akatamka neno ambalo nilikuwa nimelisikia redioni tu: sumukuvu.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kutunzwa zikiwa na unyevu. Wengi tunaijua kwa msiba wa mwaka 2016, watu walipofariki Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Inapiga ini. Na jambo ambalo sikulijua, na ndilo lililoniuma zaidi, ni kwamba moto wa jikoni hauimalizi. Unaweza kusonga ugali huo saa nzima, ukungu ukafa, sumu ikabaki. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi, na hali ya maisha yao inawaponza: wewe leo unakula ugali, kesho wali, keshokutwa ndizi, lakini yeye anakula mfuko ule ule asubuhi na jioni mpaka uishe. Dozi ndogo ndogo zinajaa. Anaanza kukataa chakula, anatapika, ananyong'onyea, macho na fizi zinageuka manjano, wengine wanaharisha damu. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haipo. Kinachofanyika ni kulisaidia ini lijitengeneze, kama bado linaweza.

Alitundikiwa dripu kwenye tawi la mwembe. Siku ya tatu mume wangu alianza kuhesabu gharama kwa sauti, akasema fedha hizi tungekuwa na mbuzi. Shangazi alikuwa bado kwetu. Akamwambia taratibu kwamba Mtume aliulizwa kama kuna malipo kwa kuwatendea wema wanyama, akajibu kuwa katika kila chenye ini bichi kuna malipo. Akaongeza, "Na huyu ini lake mmelikausha nyinyi." Mume wangu akainuka kwenda kufuata dripu nyingine. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minane, alikaa chini ya mwembe akimdondoshea maji mdomoni kwa kijiko. Siku ya sita Liemba akalamba yai lililochemshwa. Mbwa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyekuwa akipikiwa unga wa mashine hiyo hiyo, hakupona.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja. Unga ambao nisingewapikia wanangu hauingii kwenye sufuria ya Liemba. Simaanishi apikiwe pilau. Namaanisha pumba safi, kavu, ya mahindi mazima, ni chakula. Sembe nyeupe iliyooza si chakula, hata ukiipata bure.

Kuna wanaosema mbwa hafai kula ugali kabisa kwa sababu asili yake ni mbwa mwitu. Wanasayansi walioandika mwaka 2013 walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu, wakakuta mbwa amejaaliwa nakala nyingi zaidi za kile kinasaba kinachomwezesha kusaga wanga. Karne nyingi za kuishi miguuni mwetu zimembadilisha tumbo. Kwa hiyo ugali anauweza, wali anauweza, viazi vitamu anaviweza. Asichokiweza ni kuishi kwa wanga peke yake. Hapa Kigoma ugali wa muhogo ndio chakula chetu, lakini muhogo hauna protini ya maana, na ule mchungu usipolowekwa na kukaushwa vizuri una sumu yake. Mbwa wa ugali mtupu utamjua: manyoya yamefifia, mbavu zinahesabika, na tumbo limetuna.

Bahati yetu ni dagaa. Kwa mbwa, sijui mtaa wenye bahati kuliko ulio karibu na mwalo. Dagaa ana protini, ana mafuta mazuri, na kwa kuwa analiwa na miiba yake yote ana kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Ila nunua aliyeanikwa kwenye kichanja. Wa mchangani ni nafuu, lakini mchanga unaingia tumboni pamoja naye. Ukimpata huyo, mwoshe maji matatu au manne hadi yawe meupe. Samaki wa chumvi usimpe. Na wale dagaa waliovunjikavunjika wanaouzwa kwa ajili ya kuku, wanuse kwanza, maana nao hupata ukungu kama mahindi.

Sufuria ya Liemba siku hizi iko hivi. Nachemsha dagaa bila chumvi, bila kitunguu, na maji yao ndiyo nasongea ugali au napikia wali. Natia mchicha au kipande cha boga mwishoni, na kijiko kidogo cha mawese kama ngozi yake imekauka. Wanga unazidi dagaa kidogo tu. Ana kilo kumi na nane, na vikombe vitatu hivi vya mchanganyiko vinamtosha kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni, na maji safi saa zote. Lakini usifuate vikombe vyangu. Pitisha vidole ubavuni mwa mbwa wako. Mbavu zikigusika kwa urahisi bila kuonekana, endelea. Zikionekana kwa mbali, ongeza. Ukizitafuta na usizipate, punguza.

Shida ya dagaa ni mwezi. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika na bei inapanda. Mwaka 2024 tulipata mbalamwezi ya miezi mitatu, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nilikuwa nimeweka akiba kwenye ndoo yenye mfuniko, ikaisha Julai. Hapo nikajifunza kwenda bucha kuulizia mapafu, moyo na utumbo, na kuchemsha mayai yaliyopasuka ambayo wauza mayai wanayatoa kwa bei ya chini. Maharage yaliyoiva hasa yanasaidia kidogo. Nyama za ndani zichemshe mpaka ziive, kwa sababu mbichi zinampa mbwa minyoo ya tegu ambayo mayai yake yanaweza kuwafikia watoto wanaomshika. Ini lenyewe mpe kidogo kidogo, si kila siku.

Mabaki ya mezani yananitia wasiwasi kuliko vyote kwa sababu yanatolewa kwa mapenzi. Mchuzi wetu hauna maana bila vitunguu, na kitunguu, kiwe maji au saumu, kibichi au kilichoiva, kinavunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vibanzi na kutoboa utumbo. Mwiba mkubwa wa mgebuka nao ni hatari. Zabibu, chokoleti na bigijii zisizo na sukari ya kawaida ni sumu. Binti yangu ndiye askari wa jambo hili. Mgeni akitupa mfupa chini ya meza anaufuata yeye kabla ya mbwa.

Wengi mnaniuliza kuhusu chakula cha mfuko cha dukani. Si kibaya, na kwa mtoto wa mbwa nakipendekeza kabisa ukiweza kukimudu, kwa sababu mifupa yake inahitaji uwiano wa madini ambao ni vigumu kuupata jikoni. Tafuta maandishi yanayosema ni chakula kamili na chenye uwiano, na kwamba ni cha umri gani. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka protini isiyopungua asilimia 18 kwa mbwa mzima na asilimia 22.5 kwa anayekua, ukiondoa maji. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi, kwa hiyo soma vile vitatu vya mwanzo. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi mara mbili, maana mfuko uliotoka Dar es Salaam umesafiri zaidi ya kilomita 1,200 na hujui ulikaa wapi juani. Usinunue kinachopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi. Mafuta yake yameshachacha, na tarehe yake huioni. Wala usiamini kwamba kiwanda kinakukinga na sumukuvu. Mwishoni mwa 2020 huko Marekani chakula cha mifuko kilirudishwa kutoka madukani kwa sumu hiyo hiyo, na hadi Januari 2021 mbwa zaidi ya 70 walikuwa wameripotiwa kufa.

Ukibadili chakula, cha aina yoyote, changanya kipya na cha zamani kwa wiki nzima huku ukiongeza kipya polepole, la sivyo ataharisha utupe chakula kisicho na kosa. Mtoto wa mbwa mlishe mara tatu au nne kwa siku hadi miezi sita. Watoto wenu wafundisheni kutomsogelea mbwa akiwa anakula, hata awe mpole vipi. Na sindano ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Hilo halina mjadala nyumbani kwetu.

Liemba sasa ana miaka saba. Kubweka kumerudi, na punda wa maji wamerudi kupita upande wa pili wa barabara. Shangazi bado hamgusi. Lakini kila akija kutoka Ujiji anashuka kwenye bodaboda na vifurushi viwili vya dagaa, kimoja ananikabidhi mkononi, kingine anakiweka juu ya ukuta wa baraza na kusema, "Hicho ni cha yule mwenye ini."